Simba Mdogo na Nala Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu unawahusu wanaofuatilia watoto wanaocheza The Lion King jukwaani. Filamu tunaiweka pembeni. Maswali haya hurudi kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp ya mashabiki wa huku Kaskazini, na sehemu ya pili inawahusu walimu na wazazi wanaotaka watoto wao waliigize hapa hapa.

Igizo la jukwaani lilianza lini, na liko wapi sasa?

Filamu ya katuni ilitoka 1994. Jukwaani igizo lilionyeshwa kwanza Minneapolis, Marekani, Julai 1997, kisha likazinduliwa Broadway, New York, tarehe 13 Novemba 1997 katika ukumbi wa New Amsterdam. Mwaka 2006 lilihamia ukumbi wa Minskoff, na ndipo lilipo mpaka leo. London liko ukumbi wa Lyceum tangu Oktoba 1999. Afrika Kusini walilipata 2007, katika ukumbi wa Teatro pale Montecasino, Johannesburg. Mwongozaji wake ni Julie Taymor, mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Tony (tuzo kuu ya maigizo ya Broadway) ya kuongoza igizo la muziki, mwaka 1998.

Watoto wana nafasi ngapi?

Mbili tu: Simba mdogo, mwana wa mfalme wa simba, na Nala mdogo, rafiki yake. Wa kwanza kuzicheza Broadway 1997 walikuwa Scott Irby-Ranniar na Kajuana Shuford.

Usidanganyike na udogo wa idadi. Sehemu ya kwanza ya igizo, zaidi ya saa nzima, imebebwa na Simba mdogo. Anazungumza na baba yake, Mufasa, anaimba "I Just Can't Wait to Be King", anaingia makaburi ya tembo, anakimbia mbele ya kundi la nyumbu, anamlilia Mufasa aliyekufa, halafu anaokotwa na marafiki wapya, Timon na Pumbaa. Katikati ya "Hakuna Matata" mtoto anatoka na Simba mkubwa anaingia. Anayekaa ukumbini mara ya kwanza huona miaka imepita mbele ya macho yake kwa wimbo mmoja.

Nala mdogo ana dakika chache kuliko Simba, na ndiyo maana tunamtetea. Akiingia nusu sekunde nyuma ya mwenzake kwenye wimbo wa ufalme, wimbo wote unalegea. Nala mzuri humshika Simba kwenye mdundo bila watu kugundua.

Kwa nini mtoto niliyemwona siye aliyetajwa kwenye picha za matangazo?

Kwa sababu nafasi moja ina watoto zaidi ya mmoja. New York, kwa kawaida, kila nafasi hushikwa na wawili wanaopokezana. Kwa kuwa kuna maonyesho 8 kwa wiki, kila mmoja hucheza karibu manne. London kundi huwa kubwa zaidi, kwani sheria ya Uingereza inabana saa za mtoto kwa ukali.

Jina la anayecheza siku hiyo hupatikana ukumbini kwenyewe, kwenye ubao wa mapokezi au kwenye karatasi ya programu. Hakuna tiketi inayokuahidi mtoto fulani. Mtoto akiamka na mafua, mwenzake hupigiwa simu na zamu inageuka mchana huo huo. Kwa hiyo ukisafiri kutoka KIA kwenda London kwa ajili ya mtoto mmoja uliyempenda kwenye video, jiandae kumkuta mwingine. Mpokee kwa moyo ule ule.

Mbona wanabadilishwa haraka hivyo? Wamekosea nini?

Hawajakosea chochote, wamekua. Matangazo ya usaili ya New York yamezoeleka kuweka kikomo cha kimo karibu futi 5, yaani sentimita 152. Mtoto akimfikia Mufasa begani, ile picha ya mwana na baba inapotea. Sababu ya pili ni sauti. Wimbo wa Simba mdogo umetungwa kwa sauti ya mtoto ambayo haijavunjika. Mvulana wa miaka 12 anaweza kuanza mkataba akiwa sawa, na miezi mitano baadaye noti za juu zinampasuka. Kumlazimisha aendelee kunaumiza koo.

Kwa hiyo mtu akiandika "fulani amefukuzwa", muulizeni ana ushahidi gani. Karibu kila mara mtoto amemaliza mkataba wake au amepita kimo. Caleb McLaughlin alikuwa Simba mdogo Broadway kuanzia 2012 hadi 2014 kabla ya kujulikana kwenye televisheni. Shahadi Wright Joseph alicheza Nala mdogo Broadway, kisha akampa sauti Nala mdogo kwenye filamu ya 2019.

Watoto wanafanya kazi saa ngapi?

Hili ndilo swali tunalotaka watu walielewe kuliko yote, maana ukijua saa unaelewa zamu.

England inatumia kanuni za mwaka 2014, zilizoanza kazi Februari 2015. Mtoto wa miaka 9 na zaidi ambaye bado yuko kwenye umri wa shule ya lazima haruhusiwi kukaa eneo la kazi zaidi ya saa 9 na nusu kwa siku, na ndani ya hizo asiigize wala kufanya mazoezi zaidi ya saa 5. Wa miaka 5 hadi 8 ni saa 8 za kuwepo na saa 3 za kazi. Saa tano usiku lazima wawe wameshatoka. Baada ya hapo wanapumzika saa 12, na hawawezi kufanya kazi zaidi ya siku 6 mfululizo. Kibali hutolewa na halmashauri ya eneo anakoishi mtoto, na mtoto asiyekuwa na mzazi au mwalimu wake anasimamiwa na mlezi aliyeidhinishwa. Mlezi mmoja haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya 12, na halmashauri inaweza kumpunguzia.

Mlezi huyo ndiye mtu muhimu kuliko wote nyuma ya jukwaa, ingawa jina lake halisomwi na mtu. Ndiye anayejua nani hajala, nani ametapika, nani ana mtihani kesho. Ana haki ya kumwambia msimamizi wa jukwaa kwamba mtoto hapandi jukwaani leo.

Na pesa zao?

New York, tangu 2004, asilimia 15 ya malipo ghafi ya mtoto lazima iwekwe kwenye akaunti ya amana ambayo mzazi hawezi kuigusa. Mtoto anaifungua akifika miaka 18. Pia anahitaji kibali cha Idara ya Kazi ya jimbo.

Onyesho linaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Onyesho la London la saa moja na nusu jioni ni saa tatu na nusu usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa nne na nusu wakati wa baridi yao. La New York la saa moja jioni linatukuta saa nane usiku kiangazi, saa tisa usiku baridi. Ndiyo sababu picha za watoto wapya hujaa simuni alfajiri.

Kiswahili chao mbona kinasikika tofauti na chetu?

Kwanza, sehemu kubwa ya uimbaji wa Kiafrika kwenye igizo ni Kizulu na lugha nyingine za Kusini, kwani Lebo M aliyetunga sehemu hizo ni wa Afrika Kusini. Ule mwito wa mwanzo ni Kizulu, na "ingonyama" ndani yake ni simba. Kiswahili kiko zaidi kwenye majina: Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa, na Sarabi, lile mazigazi linaloonekana kama maji barabarani wakati wa jua kali. Rafiki, yule nyani mganga, jukwaani ni mwanamke, tofauti na filamu.

Pili, mtoto wa London au New York hufundishwa kila neno na mwalimu wa matamshi, na mkazo wake hufuata muziki. Sisi tunasema "hakuna shida" au "hakuna noma", na watalii wa Clock Tower wanatuambia "hakuna matata". Kumcheka mtoto kwa hilo hakusaidii. Mkitaka kusahihisha, zungumzieni utunzi, si mtoto.

Tunaruhusiwa kulinganisha Simba mmoja na mwingine?

Ndiyo, na mjadala mzuri unatufundisha wote. Sikilizeni mambo haya. Maneno ya mwisho wa mstari yanasikika, au pumzi inaisha kabla? Baada ya Mufasa kufa, mtoto anamgusa baba yake kwanza au anakimbilia kulia? Wanaoanza kwa mguso mdogo, kama kumvuta mkono asioamini kwamba hauinuki, hutuumiza zaidi kuliko wanaopiga kelele. Kwenye wimbo wa ufalme, macho yake yako kwa Nala na yule ndege Zazu, au anawatafuta wazazi wake ukumbini?

Msiguse mwili: unene, rangi, meno, nywele. Msiseme "huyu amezeeka" juu ya mtoto wa miaka 11. Atasoma. Watoto hawa wana simu, na wasipokuwa nazo, wenzao wa darasani wanazo.

Hata watoa tuzo wamewahi kukataa kuwatenganisha. Mwaka 2009 tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kiume katika igizo la muziki ilikwenda kwa pamoja kwa watoto watatu waliopokezana nafasi ya Billy kwenye igizo la Billy Elliot: David Alvarez, Trent Kowalik na Kiril Kulish. Mwaka 2012 wasichana wanne waliopokezana nafasi ya Matilda kwenye igizo la jina hilo London waligawana tuzo ya Olivier, ya maigizo ya huko. Kazi ya zamu ni kazi ya wote.

Je, naweza kusambaza video niliyotumiwa, iliyorekodiwa kwa siri ukumbini?

Tunaomba usiisambaze. Kurekodi ukumbini kumekatazwa, na mwanga wa simu unampiga mtoto usoni wakati anatafuta alama yake sakafuni. Tazama vipande vinavyotolewa na wenye igizo wenyewe, na rekodi rasmi ya nyimbo ya waigizaji wa kwanza wa Broadway ipo.

Kuhusu picha za watoto wa hapa kwetu, shikeni utaratibu huu. Mzazi akubali kwa maandishi kabla ya picha kupanda mtandaoni. Sare ya shule na nembo visionekane. Jina la kwanza pekee linatosha. Usitaje kituo anaposhukia wala siku za mazoezi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtoto analindwa nayo kama mtu mzima. Mtu mzima asimwandikie mtoto ujumbe faragha, hata wa pongezi. Pongezi zipitie kwa mzazi au mwalimu.

Kikundi chetu cha Njiro (au Soweto ya Moshi) kinaweza kuliigiza?

Toleo kamili la Broadway, hapana. Yako matoleo mawili ya watoto yanayokodishwa kihalali na kampuni ya Music Theatre International: moja la takriban saa moja kwa wanafunzi wakubwa kidogo, na jingine la nusu saa kwa wadogo wa shule ya msingi. Unaomba kupitia tovuti yao. Utaulizwa ukumbi una viti vingapi, maonyesho mangapi, na tiketi bei gani, kisha wanakupa gharama. Kibali kwanza, bango baadaye. Vikundi vinavyochapisha mabango kabla ya kibali ndivyo vinavyojikuta vinafuta onyesho watoto wakiwa wameshajua mistari yote. Ongea pia mapema na afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu taratibu za onyesho la hadhara.

Chagua tarehe kwa mvua na kwa mitihani. Kumbi nyingi za makanisa na shule zimeezekwa bati. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, ikipiga bati inameza sauti ya mtoto hata yenye maiki. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba. Februari ni nzuri, na pia mwisho wa Julai hadi Agosti, ila Arusha Julai ni baridi kweli. Simba aliyevalia kifua wazi avishwe sweta mpaka dakika ya mwisho, na shuka la Kimasai limngojee pembeni ya jukwaa. Koo lililopoa halifiki noti za juu.

Gaweni nafasi hivi: Simba wawili, Nala wawili, wote wajue kila kitu. Wiki 12 zinatosha kwa toleo la saa moja mkikutana mara tatu kwa wiki, dakika 90 kila mara. Msiimbe mfululizo zaidi ya dakika 20. Badilisheni kwa hatua za kucheza au maneno. Kosa tunaloliona sana ni Simba wa pili kupewa zoezi moja tu wiki ya mwisho. Siku wa kwanza akiugua, wa pili anajua maneno lakini hajui asimame wapi nyumbu wakipita, na hapo watoto wanagongana. Kuanzia wiki ya tano, wapokezane kila zoezi.

Onyesho liwe saa ngapi?

Saa kumi alasiri, Jumamosi. Sheria zetu za kazi na ya mtoto zinahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na zinakataza kazi ya usiku kwa mtoto. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Igizo la shule si ajira, lakini tunashauri mpaka huo huo uheshimiwe. Mkianza saa kumi, mnamaliza kabla ya magharibi, na watoto wa Usa River au Himo wanapata gari wakiwa na mwanga. Kodini kosta moja ya kuwarudisha. Usimwache mtoto apande bodaboda akiwa na rangi usoni na usingizi kichwani. Mlezi mmoja kwa watoto sita, na orodha ya kuwakabidhi kwa wazazi isainiwe mlangoni.

Vinyago na rangi tutengeneze vipi?

Simba mdogo na Nala mdogo hawahitaji kinyago. Nyuso zao ndizo igizo lenyewe. Wavisheni kinyago wakubwa, Mufasa na nduguye mwovu Scar, na kikae juu ya paji la uso ili uso ubaki wazi.

Pika uji wa kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, weka kijiko cha chumvi kuzuia ukungu, uache upoe. Chana gazeti vipande vya upana wa vidole viwili, bandika tabaka mbili juu ya puto au bakuli lililopakwa mafuta, kausha siku nzima, kisha ongeza mbili tena. Tabaka nne zinatosha. Nane zinamwelemea mtoto shingo. Kikizidi robo tatu ya kilo, punguza. Usikikaushe karibu na jiko la mkaa, kinapinda upande mmoja na hakirudi.

Rangi ya uso iwe ya maji, iliyotengenezwa kwa ngozi. Ijaribu siku moja kabla, ndani ya kiwiko. Piko tusiione kabisa kwa watoto: dawa ya nywele iliyomo inaweza kuchoma ngozi na kuacha alama. Rangi za ukutani na za kuchorea mabango, hata "kidogo tu", hapana.

Maiki zinakatika kila onyesho. Kwa nini?

Sababu tatu, kwa mpangilio wa tunavyozikuta. Ya kwanza ni betri: weka mpya kila onyesho hata kama taa bado ni ya kijani. Ya pili ni jasho, hasa Moshi kwenye joto. Funika kisanduku cha kurushia sauti kwa glavu ya hospitali, mdomo wa glavu ukielekea juu na umefungwa kwa raba. Ya tatu ni waya kuvutwa mtoto akigeuka haraka. Acha ulegevu wa sentimita tano shingoni na ubandike kwa plasta ya hospitali. Maiki mbili zinatosha, za Simba na Nala. Wengine wasogee kwenye maiki za sakafuni.

Jenereta iwashwe nusu saa kabla ya kuanza, iachwe inanguruma nje, mbali na mlango. Umeme ukikatika katikati ya tukio la Mufasa hakuna mtoto atakayerudisha ukimya ule.

Kuna mtu anasajili watoto wa Arusha kwa usaili wa London, anadai ada. Ni kweli?

Usimlipe. Usaili wa kweli hautozi mtoto hela, na matangazo yake hutoka kwenye kurasa rasmi za igizo. Mtoto anayeajiriwa Uingereza au Marekani anatakiwa awe na haki ya kuishi na kufanya kazi huko. Anayeomba picha za mtoto, nakala ya pasipoti na "ada ya fomu" kwa simu apelekwe polisi, dawati la jinsia na watoto. Hifadhi meseji zote, usizifute kwa hasira.

Mtoto akisahau mstari mbele ya watu, tufanye nini?

Mkubwa aliye naye jukwaani amuulize swali lenye jibu lake ndani. Mufasa akisema, "Simba, nilikuambia nini juu ya lile eneo lenye kivuli?", mtoto anakumbuka. Mfundisheni Mufasa maswali matano ya namna hiyo mapema, moja kwa kila tukio. Anayenong'ona pembeni mara nyingi humchanganya zaidi, kwa sababu mtoto hugeuza kichwa na maiki inakamata mnong'ono. Na ukiwa ukumbini, usipige makofi ya kumtia moyo wakati huo. Kaa kimya, mwangalie, mpe sekunde tatu.